KAZI IPO, NYUMBA IPO, ULABU MARUFUKU!

Tuseme umezunguka na bahasha yako ya vyeti miezi sita, soli za viatu zimekwisha. Leo unaambiwa: kazi ipo, nyumba ipo, msosi wa uhakika. Ila mjini humo hakuna pombe, hakuna kamari, na getini lazima uonyeshe kibali. Unachukua au unaachia?

Masharti hayo waliyakuta wajenzi wa bwawa la Hoover, kwenye mto Colorado, Marekani. Mwaka 1931 uchumi ulikuwa hoi, na maelfu ya wasio na kazi walikimbilia jangwa la Nevada na familia zao. Wengi walijibanza mtoni katika kambi ya mahema iliyopachikwa jina la Ragtown, yaani mji wa matambara. Joto lilifika nyuzi 49. Watu walikufa. Agosti wafanyakazi wakagoma, kampuni ikawatimua.

Wakati huo mji wa kuwaweka, Boulder City, ulikuwa ndio kwanza unajengwa. Nyumba zilisimamishwa chapchap, zikafanana kama mapacha. Inasimuliwa kuwa mabwana wengine walitoka kazini wakaingia kwa jirani. Soo!

Bosi wa mji alikuwa mzee Sims Ely, aliyekaribia miaka 70. Mzee huyo hakupigiwa kura na mtu, na ukivunja sheria zake unafungasha virago. Askari wa getini walipekua magari kutafuta chupa. Kibarua wa chini alipata dola 4 kwa siku, lakini mpaka mwaka 1933 kampuni ilikuwa ikitoa pia noti zake yenyewe, za kutumia kwenye duka lake.

Siku ya mshiko je? Vijana walitimkia Las Vegas, kilometa kama 40, ambako kamari ilikuwa halali tangu Machi 1931. Pombe ilikuwa marufuku Marekani nzima mpaka 1933, lakini Las Vegas nani alijali? Wengi walirudi mifuko imetoboka.

Walioumia zaidi ni weusi. Kati ya maelfu ya wafanyakazi, wao hawakuzidi 30 hivi. Walikuwa na ndoo yao ya maji ya kunywa, na kuishi Boulder City hawakuruhusiwa. Las Vegas ambayo wenzao waliifuata kwa starehe, wao walirudishwa huko kila siku baada ya kazi, maana hawakuwa na pengine pa kulala.

Bwawa lilizinduliwa mwaka 1935. Kwa hesabu rasmi, watu 96 walikufa kazini. Mwaka 1960 wakazi walikabidhiwa mji wao, na mwaka 1969 pombe kali ikaruhusiwa kuuzwa. Kamari? Mpaka leo hakuna, ingawa Las Vegas iko pua na mdomo. Tofauti ni kwamba siku hizi hakuna mzee Ely wa kuwakataza. Wamejikatalia wenyewe.

Haya msomaji, wewe ungesaini?