Pikapu mpya na chumvi ya Buffalo

Ukimuuliza mtu wa Maskati adui mkubwa wa rangi ya gari ni nani, atakwambia jua. Mtu wa Buffalo hatalitaja jua hata kidogo. Atakwambia chumvi, tena ile inayomwagwa barabarani na serikali yenyewe.

Mtoto wa ami yangu anaishi Buffalo na ana kazi yake ndogo ya kusafirisha mizigo. Alinunua pikapu mpya Louisville, Ford F-250 nyeusi, nami nikamsindikiza kuipeleka nyumbani kupitia Columbus, karibu kilomita 850. Aliikusanyia pesa miaka sita, taslimu, maana mkopo wa riba hautaki kabisa. Kwa hiyo gari hii si ya kujionyeshea. Ikiliwa na kutu mapema, hana nyingine na kazi imesimama.

Louisville ndiko zinakotoka pikapu hizi. Kiwanda cha Ford cha Kentucky kimekuwepo tangu 1969. Kule dukani walitaka kumuuzia kifurushi cha ulinzi wa rangi, dola 1,800, wakipaka wao wenyewe. Akakataa kwa adabu, khalafu akaomba jambo lililomshangaza muuzaji: "Msinioshee gari." Alitaka kuichukua na vumbi lake, na karatasi za plastiki za kiwandani zikiwa bado juu ya boneti.

Ana hoja. Gari nyingi mpya huchubuliwa kabla mwenyewe hajaziona, pale zinaposuguliwa haraka haraka kwa sponji moja iliyokwisha kuosha magari mengine. Chini kabisa ya rangi kuna tabaka la kuzuia kutu, juu yake praima, kisha rangi yenyewe, na mwisho vanishi isiyo na rangi. Hiyo vanishi ndiyo inayong'aa na ndiyo inayozuia jua, na unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 au 50 tu. Unywele wa kichwani huwa mnene kuliko hapo. Kila ukipiga polishi unaila kidogo, na ikiisha ndio basi, mpaka kwa fundi wa rangi.

Louisville ina kioja kingine ambacho sikukitarajia. Kuta za nyumba, miti, hata alama za barabarani karibu na maghala ya wiski zimepakaa weusi kama masizi. Ni kuvu anayeitwa Baudoinia, anayestawi kwa mvuke wa pombe inayopumua kutoka kwenye mapipa. Mwaka 2012 wakaazi waliwapeleka mahakamani wenye viwanda kwa sababu ya nyumba na magari yao. Mtu hajaigusa pombe maisha yake yote, gari yake inachafuka kwa pombe! Binamu yangu alicheka, lakini gari hakuilaza karibu na maghala hayo hata usiku mmoja.

Columbus tulifikia kwa fundi mmoja Mbarawa. Wasomaji wenye asili ya Lamu na Mombasa watafurahi kusikia kwamba anazungumza Chimwiini, na tulielewana vizuri, ingawa maneno mengine ilibidi niyaulize mara mbili. Kahawa kwanza, gari baadaye.

Aliimwagia povu, akaliacha literemke na vumbi bila kuigusa gari. Ndipo akaleta ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa, kila moja na wavu chini ili mchanga ukae huko. Baadaye akapulizia dawa ya kuyeyusha chembe za chuma. Pikapu mpya kabisa, lakini dawa ikageuka zambarau, madoa madogo madogo mlango mzima. Gari mpya husafirishwa kwa treni, na reli na breki za treni hutoa vumbi la chuma linalojishika kwenye vanishi. Yaliyobaki aliyaondoa kwa ule udongo laini wa kusafishia rangi, akiuteleza juu ya maji ya sabuni.

Nilidhani atapiga polishi gari nzima. Alimulika taa, akapima unene wa rangi, akasema mikwaruzo iko mlango mmoja tu na huo ndio atakaougusa. Fundi anayejizuia ni adimu. Kifaa chake cha kupimia ilibidi kiwe cha namna mbili, kwa sababu bodi ya pikapu hizi ni ya alumini tangu toleo la 2017, na kile cha sumaku hakisomi kitu hapo.

Mwisho akaifuta kwa spiriti na kupaka seramiki, maji maji yenye silika yanayoganda juu ya vanishi. Alitusisitizia isiguswe na maji kwa saa 24, wala sabuni kwa wiki nzima. Akasema pia ambalo wauzaji wengi hawalisemi: seramiki haizuii jiwe. Inafanya uchafu usishike na uosheke kwa urahisi, basi. Anayeogopa mawe huweka plastiki ngumu isiyoonekana, na binamu aliweka mbele ya boneti tu, maana bajeti ina mwisho.

Sasa Buffalo. Mji uko mwisho wa mashariki wa Ziwa Erie. Upepo wa baridi unapita juu ya maji yaliyo na joto kidogo, unabeba unyevu, unaumwaga mjini kama theluji. Novemba 2022 Orchard Park, kusini ya mji, ilipata zaidi ya mita mbili katika siku chache. Mwezi uliofuata ikaja tufani iliyoua watu zaidi ya 40 katika jimbo hilo dogo la Erie. Barabara bila chumvi ni hatari ya roho, hakuna anayebisha. Nyingine huchimbwa Cleveland, kwenye mgodi ulio chini ya ziwa hilo hilo, mita 500 na zaidi kwenda chini.

Shida ni kwamba chumvi ya kawaida huchoka baridi ikizidi, kama chini ya nyuzi 9 hasi, kwa hiyo huchanganywa na nyingine zinazovuta unyevu hewani. Hizo hukaa majimaji kwenye chuma muda mrefu. Bodi ya alumini haioti kutu ya chuma, lakini chasi yake ni ya chuma. Na New York gari hukaguliwa kila mwaka; chasi iliyotobolewa na kutu haipiti.

Ndiyo maana pesa iliyobaki binamu aliipeleka chini. Gari ilinyanyuliwa, ikapuliziwa mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo, ndani ya chasi na kwenye maungio yote, matundu ya kutolea maji yakiachwa wazi. Kila mwaka atarudia. Ile lami nyeusi ngumu ya kupakwa mara moja aliikataa, kwani ikipasuka inaficha maji ndani na kutu inakula usiione. Baridi ikipungua na kupanda juu ya sifuri, ataosha chini kwa presha. Theluji ataisukuma kwa brashi ya povu, si fagio wala koleo.

Haya yanatuhusu sisi wa Ghuba? Seramiki hiyo hiyo inauzwa Maskati na Dubai, na kwetu kosa kubwa ni kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu, ambako ni sawa na msasa, au kuosha saa sita mchana maji yakakauka na madoa. Lakini kubwa zaidi ni magari yaliyotumika, hayo tunayoyaita wared Amrika, yanayojaa yadi za Sharjah. Rangi juu inaweza kung'aa, mashaallah, na gari imepita misimu kumi ya chumvi. Kwa namba ya chasi unaweza kupata ripoti ya majimbo iliyosajiliwa. Ukiona New York au Ohio, chukua tochi, lala chini, tazama bolti na mabomba ya breki. Na ukikuta chasi imepakwa rangi nyeusi mbichi, muulize muuzaji amefunika nini.