Keki ya mtoto nayo ni matini

Yamkini msomaji atastaajabu kuona keki ikijadiliwa na mtu ambaye kazi yake ni isimu. Hata hivyo, keki ya siku ya kuzaliwa, hasa ile inayopambwa kwa kufuata wazo moja mahsusi, ni matini kamili. Ina maudhui na fani, ina mtunzi, na ina hadhira: mtoto aliyezungukwa na wenzake, macho yote yakiielekea meza. Maadamu ni matini, hatuna budi kuuliza inamwambia nini mtoto huyo.

Aghalabu humwambia "Happy Birthday", kando ya sura ya shujaa wa filamu za katuni za Marekani. Mtoto hana lawama. Hupenda anachokiona, na mapenzi yake ni halali. Wala sidai kwamba kila cha kigeni kitupwe. Neno keki lenyewe tulilikopa kutoka Kiingereza, tukaliingiza katika ngeli ya I-ZI, nalo likatulia kama mwana wa nyumbani: keki imeiva, keki zimeiva. Tatizo huzuka pale desturi isiyohojiwa inapomfunza mtoto, kimyakimya, kwamba Kiswahili ni lugha ya mtihani ilhali Kiingereza ni lugha ya furaha. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hakuna katiba, lakini, iwezayo kukifanya kiwe lugha ya sherehe nyumbani mwetu. Hiyo ni kazi ya mzazi na ya mwalimu.

Wapo wapambaji wanaojitetea kwamba Kiswahili ni kirefu mno, na uso wa keki ni mdogo. Hoja hii haina mashiko. "Happy Birthday" ina herufi 13. "Heri ya kuzaliwa" ina herufi 14. Je, ni keki gani itakayoshindwa kubeba herufi moja zaidi? Isitoshe, Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kubana maana. Chukua neno "Umekua". Lina herufi sita tu, nalo ni sentensi nzima: u- ni nafsi ya pili umoja, -me- ni hali timilifu, -ku- ni mzizi, na -a ni kiishio. Mwingereza angehitaji maneno matatu kusema jambo hilo hilo. Mwalimu anayetafuta mfano wa mofimu ambao wanafunzi hawatausahau, basi huu hapa, nao unalika.

Jambo la kuepuka ni tafsiri sisisi. Nimewahi kuona keki iliyoandikwa "Furaha siku ya kuzaliwa", kana kwamba maneno ya Kiingereza yalivuliwa koti moja yakavishwa jingine. Katika kutakiana mema sisi husema heri: heri ya mwaka mpya, heri ya kuzaliwa. Ukitaka kuongeza umri, andika "Wafula ametimu miaka 6". Kitenzi kutimu kina heshima yake, nacho kinaeleweka.

Tukija kwa maudhui, huku ndiko tulikojaliwa hazina tusiyoigusa. Jamii zetu nyingi hazikuhesabu siku ya kuzaliwa kwa kalenda. Ziliihifadhi ndani ya jina. Okoth na Akoth kwa Waluo, Wafula na Nafula kwa Wabukusu, Wambua na Mumbua kwa Wakamba, Kiprop na Jerop kwa Wakalenjin: majina haya yote huhusishwa na mvua. Lugha nne, tena za nasaba mbili tofauti, Kibantu na Kiniloti, zimekubaliana kwamba mvua inaponyesha mtoto akizaliwa, jambo hilo halifai kusahaulika. Kwa nini basi keki ya mtoto kama huyo isiwe keki ya mvua?

Utekelezaji wake hauhitaji ufundi wa ajabu. Keki ipoe kabisa kabla ya kuguswa, la sivyo krimu itayeyuka. Piga gramu 250 za siagi laini kwa gramu 500 za sukari iliyosagwa kama unga, hadi mchanganyiko uwe mweupe na mwepesi. Paka tabaka jembamba la kwanza ili kuzuia makombo, uiweke keki mahali penye baridi hadi tabaka hilo ligande, kisha upake la pili ulilolitia rangi ya buluu hafifu. Mawingu hufanywa kwa krimu iliyotiwa tone dogo mno la rangi nyeusi. Majani mabichi hutokea krimu ya kijani ikikamuliwa kupitia tundu nyembamba na kuvutwa juu. Chura mmoja wa kufinyangwa kwa sukari atawachekesha watoto kuliko shujaa yeyote. Kabla ya kuandika, kwaruza herufi kidogo kwa kijiti cha meno, ili mstari usiishie ukingoni na jina kukatika. Kwa walio Mombasa, joto ni adui wa siagi. Badala ya sehemu yake tumia mafuta ya kupikia yaliyoganda, na usiitoe keki mapema.

Na kama mtoto atashikilia shujaa wake wa katuni? Mpe. Shujaa huyo hatadhurika akisimama juu ya maneno "Heri ya kuzaliwa". Lakini muulize pia jina lake lina maana gani, na umsimulie siku aliyozaliwa. Wengi watagundua kwamba kisa chao kinashinda filamu.

Tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitenga mwaka 2021. Hotuba za siku hiyo ni njema. Hata hivyo, mtoto hakumbuki hotuba; hukumbuka utamu, na lugha iliyoandikwa juu yake. Samaki mkunje angali mbichi. Walimu na wazazi, safari ijayo mpambaji atakapouliza aandike nini, jibu liwe tayari, na liwe la Kiswahili sanifu.