Pakiti Mnaisoma, Karai Mnalipita

Kila Idd inapokaribia, simu yangu hujaa picha za pakiti. Mgongo wa biskuti, mfuniko wa aiskrimu, chupa ya soda iliyopigwa picha ndani ya basi linaloruka mashimo, namba moja imezungushiwa duara jekundu, na chini yake swali lile lile: "Abti, hii E si ndiyo nguruwe?" Wanaouliza ni watu wa kwetu Ijara, kaunti ya Garissa. Wamefunga mwezi mzima Masalani, Kotile na Hulugho, sasa wamevuka mto Tana na wanateremka Garsen na Malindi kuwapeleka watoto Mombasa, wakawaone mamba, wateleze kwenye mabomba ya maji Nyali, wapande bembea za kuzunguka hadi walie. Wenye jamaa Eastleigh huelekea Nairobi. Kujali kinachoingia tumboni mwa mtoto ni jambo la kusifiwa. Swali lenyewe, samahani, ni bovu, na nimelijibu moja moja hadi nimechoka. Leo nawajibu wote kwa pamoja, na mwakani atakayenitumia picha ya E100 nitamrudishia makala haya.

Chanzo cha yote ni ile orodha ya WhatsApp. Mnaijua. Inaanza na mtumishi wa idara ya chakula huko Ufaransa anayedaiwa kugundua siri kubwa: mafuta ya nguruwe hayatupwi, viwanda huyatia kwenye biskuti, dawa ya meno na chokoleti, kisha huyaficha nyuma ya herufi E ili Waislamu wasijue. Katikati imepachikwa hadithi ya risasi za Waingereza zilizopakwa mafuta kule India, na mwisho kuna safu ndefu ya namba na amri ya kuwatumia Waislamu wote unaowajua. Wengi hutii amri hiyo kabla hawajamaliza kusoma.

Namba ya kwanza kwenye safu hiyo ni E100. E100 ni manjano. Ndiyo, manjano ile ile unayotia kwenye mchuzi wa samaki. Ni rangi iliyokamuliwa kutoka kwenye mzizi wake. E140 pia imo. Hiyo ni rangi ya kijani ya majani. Imo E270, asidi inayofanya maziwa yagande na kuchachuka, ile ile inayoipa suusac ya ngamia ukali wake. Kwa hesabu za orodha hii, bibi yako wa Hulugho amekuwa akitengeneza nguruwe kwenye kibuyu maisha yake yote. Wengine wamekwenda mbali zaidi ya orodha yenyewe, wameamua kwamba kila E ni haramu, yaishe. Basi wajue kwamba E407 hutengenezwa kwa mwani, mwani huo huo ambao akina mama wa Paje na Jambiani kule Unguja wamekuwa wakiulima kwa biashara tangu 1989. Na E414, inayotiwa kwenye soda na peremende, ni gundi ya mgunga, ambayo wachungaji wa kaskazini mwa Kenya huichuma mitini na kuiuza. Mtu wa kaunti ya Garissa anayeikimbia E414 anakimbia mti wa malishoni kwao.

Hofu za namna hii hazikuanza na simu. Mwaka 1976 huko Ufaransa ilianza kuzunguka karatasi ya orodha ya namba, ikasingiziwa hospitali ya saratani ya Villejuif, ikaitaja E330 kuwa sumu kali kupita zote. E330 ni asidi sitriki, ule ukali wa limau. Hospitali ilikana. Karatasi haikujali, ikaendelea kutolewa nakala na kupita mkono kwa mkono miaka mingi. Orodha haihitaji ukweli ili isafiri. Inahitaji namba, kwa sababu namba humfanya msomaji ajione ameshika kitu cha kisayansi.

Sasa sikilizeni namba yenyewe inafanya kazi gani. E ni alama ya Ulaya. Kiongezi kikishapimwa usalama wake na kukubaliwa huko hupewa namba, na nchi nyingine hutumia namba hizo hizo bila E kupitia Codex Alimentarius, viwango vya chakula vilivyoasisiwa na FAO na WHO mwaka 1963. Ndiyo maana pakiti moja huandika E471 na nyingine 471. Ni kitu kile kile. Namba inakwambia kiongezi ni kitu gani. Haikwambii kimetoka wapi, kama vile namba ya gari isivyokwambia limebeba nini.

Chukua hiyo 471, maana ndiyo inayoongoza kwa maduara mekundu. Ni mafuta yaliyovunjwavunjwa ili maji na mafuta yakubali kukaa pamoja. Bila hiyo aiskrimu nyingi za kiwandani zisingekuwa laini vile mdomoni. Inaweza kutoka kwenye mawese, soya, ng'ombe au nguruwe, na ikishasafishwa haibebi jina la mnyama wala mmea. Mimi mwenyewe, na shahada yangu, siwezi kukwambia kwa kuitazama picha. Anayejua ni kiwanda kilichonunua malighafi. Ndivyo ilivyo kwa E422, ambayo ni gliserini, na kwa jamaa nyingine za mafuta. Zipo chache ambazo chanzo chake hakina shaka kuwa cha viumbe: E120 ni rangi nyekundu ya wadudu, E542 hutoka kwenye mifupa. Hukumu ya wadudu kamuulize shehe wako. Mimi ni mtu wa maabara.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Kitu ambacho kina uwezekano mkubwa wa kutoka kwa nguruwe kuliko vyote kwenye kapu la peremende hakina namba ya E kwenye lebo za Ulaya. Ni jelatini. Ulaya huihesabu kuwa chakula, wala si kiongezi, kwa hiyo huandikwa kwa jina lake, wazi kabisa. Hutengenezwa kwa kuloweka ngozi au mifupa, ya nguruwe kwenye asidi, ya ng'ombe aghalabu kwenye chokaa kwa majuma kadhaa, kisha kuichemsha hadi itoe ule ute unaoganda. Na ngozi ya nguruwe ndiyo malighafi yake kubwa kupita zote duniani. Imo kwenye zile peremende laini zenye umbo la dubu, kwenye mashimelo, na kwenye baadhi ya yogati. Mzazi anayewinda namba huipita. Halafu akiona peremende nyingine imeandikwa E440 huirudisha rafuni kwa hofu. E440 ni pektini, inayotolewa kwenye maganda ya machungwa na masalia ya tofaa, nayo ndiyo hasa hutumiwa na kiwanda kinachotaka kuepuka jelatini! Orodha imemnyang'anya mtoto peremende salama na kumwachia dubu.

Najua wapo wanazuoni wanaosema jelatini hiyo imekwisha kugeuka kitu kingine, na wapo, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu likiwa miongoni mwao, wanaoikataa ile ya nguruwe. Mjadala huo si wangu. Ila ili uwe na mjadala lazima kwanza ujue unakula nini, na orodha haikusaidii kujua.

Kuona jinsi ya kujua, tuwatazame wenzetu Wayahudi: wana miiko mizito kuliko yetu, na wakati wa Pasaka yao huongezeka: ngano, shayiri na nafaka za jamii hiyo zikishachachuka haziliwi, hata chembe. Mwaka 1935 rabi Tobias Geffen wa Atlanta, mji ambao ndio makao ya Coca-Cola, alichoka kuulizwa swali linalofanana sana na lenu: soda hii inanyweka? Hakubuni orodha. Aliiandikia kampuni, akaonyeshwa viambato kwa ahadi ya kutunza siri, akakuta gliserini iliyotengenezwa kwa mafuta ya wanyama. Kiasi kilikuwa kidogo mno, lakini alikataa kukipuuza kwa kuwa kilitiwa makusudi. Kampuni ikahamia gliserini ya mimea, na kwa ajili ya Pasaka kiambato kingine kilichotokana na nafaka kikabadilishwa kwa cha miwa na viazisukari. Hadi leo Marekani huuza soda ya Pasaka yenye kizibo cha manjano. Sasa angalieni: kama namba za E zingekuwepo wakati ule, gliserini ya kwanza na ile ya pili zote zingeandikwa E422. Rabi aliyesoma namba tu asingegundua lolote, kabla wala baada.

Siku za katikati ya Pasaka familia za Kiyahudi za New York na New Jersey hujazana kwenye bustani za bembea kama sisi siku ya Idd pili. Hubeba mikate yao isiyochachuka na vyakula vyao vya baridi, hula kwenye nyasi, hurudi kupanda. Hakuna anayesimama mbele ya kibanda cha chakula akipiga picha pakiti ya biskuti.

Na hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe. Mama yule yule aliyenitumia picha ya biskuti saa nne asubuhi, saa nane humnunulia mtoto chipsi kwenye kibanda cha ndani ya bustani. Karai moja, mafuta mamoja. Kwanza zilikaangwa soseji, ukitazama utaona vipande vya ngozi ya soseji vimeganda ukingoni, kisha chipsi zikamwagwa humo humo. Smoki kwenye toroli hupasuliwa kwa kisu kimoja, ziwe za ng'ombe au za nguruwe, na kachumbari hutiwa kwa kijiko kimoja. Koleo la kugeuzia nyama halibadilishwi. Mafuta hayo hayana lebo wala namba, kwa hiyo hayaogopwi. Mabuyu mekundu ya kando ya lango nayo huliwa hadi ndimi zinabadilika rangi, na hakuna anayeuliza rangi ile imetoka wapi. Kile kilichoandikwa ndicho tunachokitilia shaka, kisichoandikwa tunakiamini!

Jibu la mhudumu nalo lina mtego. Ukiuliza, "Mna nguruwe hapa?" atakwambia hakuna, na hatakuwa amekudanganya, kwa sababu kichwani mwake nguruwe ni ile nyama ya kukaanga ya baa. Bekoni ni bekoni, hamu ni hamu. Uliza kwa majina: bekoni, hamu, salami, soseji za nguruwe. Kisha uliza la pili, ambalo ndilo kubwa: "Mafuta haya ya chipsi hukaangia nini kingine?" La tatu: kuku na nyama mmenunua wapi? Akisitasita, mwite anayekaanga, si anayepokea pesa.

Basi, ya kufanya, haraka haraka, maana nafasi inakwisha. Piga simu bustanini siku moja kabla, uulize kama chakula cha nje kinaruhusiwa. Pengi hukataza langoni, na si vizuri kubishana na askari huku watoto wanalia. Kikiruhusiwa, beba nyirinyiri (ile nyama yetu iliyokaushwa), chapati au anjera, tende na maji. Nyirinyiri iliyozama vizuri kwenye samli haihitaji friji. Kikikataliwa, uliza kama tiketi inaruhusu kutoka na kurudi, mle nje. Mombasa si mji wa kumshinda Muislamu kula: Mji wa Kale uko pale, na ufukweni Mama Ngina kuna mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na madafu. Ukilazimika kununua ndani, maji, matunda, mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha na zile pamba za sukari hazina mashaka makubwa; popkoni uliza mafuta yake. Aiskrimu, tafuta yenye alama ya halali au iliyoandikwa kwamba mafuta yake ni ya mimea. Ukikosa, barafu ya juisi. Peremende, tafuta neno jelatini kwa jina lake, na kama haikusemwa ni ya ng'ombe wa halali, iache. Mkahawa ukikuonyesha cheti, cha Kenya Bureau of Halal Certification au cha wengine, soma tarehe ya kuisha na jina la tawi. Cheti cha tawi la mjini hakifuniki kibanda cha bustanini. Mwenye mkahawa kuitwa Abdi si cheti.

Na ikitokea mtoto amekula soseji kabla hujamwahi, msimtapishe kwa maji ya chumvi. Nimeulizwa hilo pia. Chumvi nyingi kwenye mwili mdogo huvuruga damu, huleta degedege na huweza kuua. Yeye hakujua na hana kosa. Msukutueni kinywa kwa maji safi, mwacheni arudi kwenye bembea.