Sarufi Yetu: Kulima Kunalipa (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulitazama ngeli ya PA-KU-MU. Leo tuijie ku- nyingine, ile ya kitenzi-jina, yaani kitenzi kinachoshika nafasi ya nomino.

Hapa Theta, eneobunge la Juja, kati ya Ruiru na Thika, mazungumzo ya stendi hayakosi kauli kama "Kulima inalipa" au "Kuendesha boda inachosha". Maana inaeleweka, ila upatanisho umevunjika. Kitenzi-jina kikiwa kiima hudai ku-: kulima kunalipa, kutolima kutatuletea njaa. Hata vivumishi hutii: kulima kwetu, kulima huku, kulima kuzuri.

Wengi huitupia lawama lugha ya mama. Sikubaliani nao hata kidogo. Gĩkũyũ, lugha ya nyumba nyingi za hapa, kina ngeli hiyohiyo. Gũthoma, yaani kusoma, husifiwa kwa kuambiwa ni kwega. Kiambishi cha kitenzi-jina kinajitokeza tena kwenye sifa, kama ilivyo katika Kiswahili. Mtoto aliyelelewa kwa Gĩkũyũ ameizoea kanuni hii kabla hajaingia darasani. Kosa linatoka katika Kiswahili cha mitaani, ambamo i- imefanywa kiambishi cha kila kitu. Ndicho hichohicho kinachotupa "kiti imevunjika".

Upo mtego mwingine, na huu huwanasa hata waandishi wazoefu: "Kupanda miti inazuia mmomonyoko." Sentensi inaonekana safi kwa kuwa miti huchukua i-. Lakini miti hapo ni yambwa. Kinachozuia mmomonyoko ni kupanda. Basi, kupanda miti kunazuia. Kiingereza nacho kina mtego huu: nomino ya wingi ikikaribiana na kitenzi, mwandishi huvutwa na wingi, ilhali kitendo ni kimoja na kinataka umoja.

Kiswahili na Kiingereza huachana vitendo vikiwa viwili. Kiingereza kwa kawaida huhamia wingi. Ngeli ya KU haina wingi, kwa hiyo Kiswahili husema: kusoma na kuandika kunamkomboa mtu.

Katika KCSE, matumizi ya lugha yana alama 40 kwenye Karatasi ya Pili. Mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akiandika "kusoma inasaidia", usimkemee kwa lugha ya nyumbani kwao. Mwombe aiseme sentensi hiyo kwa Gĩkũyũ, kisha mwonyeshe kwamba kanuni anayo tayari.