Mnara wa Smailholm na Chokaa Inayojitibu

Mnara wa Smailholm umesimama juu ya mwamba karibu na mji wa Kelso, kusini mashariki mwa Uskoti. Ukoo wa Pringle uliujenga katika karne ya 15: kimo mita 20 hivi, kuta zenye unene wa zaidi ya mita 2, ghala chini, ukumbi juu yake, na vyumba juu zaidi. Mpaka wa Uingereza ulikuwa karibu, na katika miaka ya 1540 wavamizi waliswaga ng'ombe wa akina Pringle. Uvamizi huo umesimuliwa vya kutosha. Kinachostaajabisha zaidi ni kile kilichoyashika mawe.

Mawe yenyewe ni ya volkano, magumu, hayanywi maji. Mvua hupenya kwenye maungio tu, kwa hiyo uhai wa jengo umo katika mota ya chokaa. Jiwe la chokaa huchomwa kwa nyuzi 900 hivi hadi litoe kaboni dioksidi. Likimwagiwa maji huchemka na kuwa rojo jeupe, likachanganywa na mchanga. Likishapakwa ukutani, rojo huivuta tena kaboni dioksidi kutoka hewani, polepole mno, hadi lirudi kuwa jiwe. Mafundi wa Lamu na Kilwa walifanya vivyo hivyo kwa matumbawe.

Ukuta wa chokaa ni kama mtungi. Mtungi hutoka jasho: maji hupita kwenye vitundu vya udongo na kukaukia nje kwa upepo. Ukipakwa rangi ya mafuta, jasho hunaswa ndani, rangi hufura, kisha hubambuka pamoja na vipande vya mtungi. Ndivyo saruji ilivyoyaumiza majengo mengi ya kale katika karne ya 20. Jengo likicheza kidogo, saruji hupasuka. Maji huingia ufani yakakosa pa kutokea, na yakiganda kwa baridi hutanuka kwa asilimia 9 hivi na kulibomoa jiwe. Chokaa hunyumbuka. Tena mvua huyeyusha chembe zake na kuzipeleka kwenye nyufa nyembamba. Maji yakikauka, chembe hubaki na kuuziba ufa. Nyufa pana huhitaji fundi.

Fundi huyo haingii kiholela. Mnara unalindwa kwa sheria ya mwaka 1979 na kutunzwa na shirika la Historic Environment Scotland. Kuugusa kwa ujenzi bila kibali ni kosa la jinai, na hata kifaa cha kutafutia vyuma kinahitaji ruhusa. Maungio hujazwa chokaa tena, nje ya miezi ya baridi kali, kwa kuwa rojo likiganda kabla ya kukomaa humomonyoka.