Kalamu Haishiki: Ijue Kwanza Ukoo Wake

Alhamisi moja baada ya alasiri, mchoraji hina kutoka Kibokoni aliingia kwenye kibanda changu cha ufundi karibu na Ndia Kuu, Mombasa, tableti ameikumbatia kifuani.

"Masalkheri, ami. Kalamu haishiki. Jumamosi nina bibi harusi, na michoro yote aliyoichagua imo humu."

"Masalkheri, mwanangu. Keti kwanza. Mara ya mwisho ilishika lini?"

"Hii haijashika hata siku moja. Nimeinunua juzi, ile yangu ilipotea."

Tayari alikuwa ameshaambiwa mahali pengine kwamba kioo cha tableti kimekufa na lazima kibadilishwe. Nikamwomba achore kwa kidole. Mstari ukatokea bila kukatika, kutoka pembe moja hadi nyingine. Kioo kilikuwa kizima. Kalamu aliyoipoteza ilikuwa Apple Pencil ya kizazi cha 2, iliyotoka mwaka 2018, ambayo ukiibandika ubavuni mwa iPad inajiunganisha na kuchaji papo hapo. Aliyoinunua ni Apple Pencil ya USB-C, ya mwaka 2023. Hii nayo hunaswa na sumaku ya ubavuni, lakini pale inahifadhiwa tu. Haichaji wala haijitambulishi. Nilikivuta kifuniko cha nyuma, tundu likaonekana, nikachomeka waya kati ya kalamu na tableti, Bluetooth ikiwa imewashwa. Kabla hajamaliza maji niliyompa, ilikuwa inaandika.

Ilinibidi nimwambie na jambo la pili, ambalo hakulifurahia. Kalamu ya USB-C haihisi mkandamizo wa mkono. Kwa anayeandika risala au kujaza hesabu za duka hilo si kitu. Kwa mchoraji hina, ambaye ua lake linaishi kwenye mstari unaoanza mnene na kuishia mwembamba kama unywele, ni hasara ya kweli, na ni afadhali mtu aijue kabla ya kununua.

Ndiyo maana kila anayeniletea kalamu iliyogoma namuuliza swali moja kabla ya kugusa chochote: kalamu hii ni ya ukoo gani? Kwa macho zote ni vijiti vya plastiki vyenye ncha. Ndani haziwasiliani na kioo kwa njia moja, na dawa ya ukoo mmoja haiuponyi mwingine.

Ukoo wa kwanza ni wa ncha ya mpira. Kalamu hii haina betri wala saketi; inapitisha umeme mdogo wa mwili wako hadi kwenye kioo, kazi ileile inayofanywa na kidole. Haiunganishwi na kitu. Ikikataa kuandika, ncha imechakaa au kioo kina uchafu.

Ukoo wa pili ndio unaowachosha watu bure, na hapa nataka tukae kidogo. Ni kalamu zinazotumia mwangwi wa sumakuumeme, ufundi ulioenezwa na kampuni ya Wacom ya Japani, na ambao Samsung waliuingiza kwenye simu za Galaxy Note kuanzia mwaka 2011. Chini ya kioo kuna ubao mwembamba unaotoa uga wa sumaku. Ndani ya kalamu kuna koili inayoupokea uga huo, inapata nguvu humohumo, na kuujibu. Kalamu haihitaji chaji ili iandike. Kijana mmoja anayechora milango ya nakshi ya Mji wa Kale alinijia akiwa ametafuta kwa siku mbili jina la kalamu yake kwenye orodha ya Bluetooth. Tableti yake ilikuwa Galaxy Tab S6 Lite. Kalamu ya tableti hiyo haina Bluetooth kabisa, kwa hiyo jina alilokuwa akilitafuta halikuwepo. Zipo kalamu nyingine za Samsung (S Pen) zenye betri na Bluetooth, lakini humo Bluetooth ni ya kitufe tu, kama kupiga picha ukiwa mbali. Chaji ikiisha, uandishi unaendelea.

Basi kalamu ya ukoo huu ikiacha kuandika, sogeza ncha karibu na kioo bila kukigusa. Alama ndogo ikitokea, ubao na koili vinasikilizana, na kasoro iko kwenye ncha au kwenye programu unayotumia. Isipotokea, vua kava. Kava zenye sumaku, hasa zile ambazo hazikutengenezwa kwa tableti hiyo, huuvuruga uga na kuacha sehemu za kioo zikiwa bubu. Kwa kijana wangu ndivyo ilivyokuwa: sumaku ya kava ilikuwa imelala nyuma ya kioo, upande wa kulia, na mistari yote ilikatika palepale. Jaribio la kidole halitoshi hapa, kwa sababu kidole na kalamu husomwa na tabaka mbili tofauti. Kidole kinaweza kufanya kazi vizuri na ubao wa kalamu ukawa umepasuka.

Ukoo wa tatu ni wa kalamu zenye betri zinazotuma ishara zao wenyewe kwenye kioo. Apple Pencil zimo humu, kalamu za Surface za Microsoft zimo, na zile zinazofuata mapatano ya pamoja ya kalamu, USI, yaliyoanza mwaka 2015. Kila moja ina lugha yake: kalamu ya Surface haitaandika kwenye iPad hata uiombe vipi. Na ndani ya Apple penyewe vizazi havichanganyiki ovyo. Apple Pencil ya kizazi cha 2 haifanyi kazi na iPad Pro ya mwaka 2024, na Apple Pencil Pro haifanyi kazi na iPad za zamani. Ya kwanza kabisa, ya mwaka 2015, huunganishwa kwa kuchomekwa. Kwenye iPad ya kizazi cha 10 inahitaji adapta. Angalia namba ya modeli ya tableti kwenye mipangilio kabla hujatoa pesa.

Ukishahakikisha kwamba kalamu na tableti vinaendana, na bado kalamu imegoma ghafla, kaza ncha kwanza. Ncha ya Apple Pencil inafungwa kwa kuzungushwa, na ikilegea kidogo tu kalamu inakuwa kama imekufa. Kisha ingia kwenye Bluetooth, iambie tableti iisahau kalamu, zima tableti, iwashe, uunganishe upya. Uliza pia nyumbani. Apple Pencil hushikana na tableti moja kwa wakati mmoja, na mdogo wako akiibandika kwenye yake kwa dakika moja, imeshahama.

Ziko pia kalamu za bei nafuu zinazofanana na hizi. Nyingi hazionekani kwenye Bluetooth. Unagusa kichwa chake, taa inawaka, unaandika. Hizo hukubali iPad za kuanzia mwaka 2018 tu.

Sasa yanayotupata sisi wa kisiwani. Apple wanashauri iPad itumike penye joto la nyuzi 0 hadi 35. Wakati wa kaskazi, kivulini tu tumekaribia mpaka huo, na tableti iliyoachwa kwenye dashibodi katika foleni ya feri ya Likoni imeshauvuka zamani. Betri ya lithiamu huzeeka haraka kwa joto. Kinachoiua hasa ni joto pamoja na kuachwa tupu. Kalamu inayowekwa kwenye droo msimu wa harusi ukiisha, na kutolewa miezi baadaye, huwa imejila chaji yake yote hadi saketi ya ulinzi imeifunga betri. Ichomeke kwa saa nzima ukiwa na subira. Ikibaki kimya, betri imekwisha, na kwa kuwa mwili wa kalamu umegundishwa, fundi mkweli atakuambia hivyo badala ya kuipasua. Wachoraji wangu nawaomba waichaji mara moja kila mwezi, kazi iwepo isiwepo.

Chumvi ya hewani nayo hukaa kwenye meno ya chaja na ndani ya matundu. Usichokoe kwa sindano, wala usiizike kalamu kwenye mchele. Vumbi la mchele huingia mlemle unamotaka kusafisha. Brashi laini iliyokauka inatosha, na kama pana kutu, pamba yenye spiriti kidogo, kifaa kikiwa kimezimwa, kisha uache ikauke.

Ukiamua kuja kwa fundi, usilete kalamu peke yake. Njoo na tableti, waya wa kuchajia, kava unalolitumia kila siku, na nywila uwe unaikumbuka. Na kabla ya kutoka nyumbani hifadhi nakala ya michoro yako. Yule binti wa Kibokoni alikuwa na mitindo ya miaka minne ndani ya kifaa kimoja, na hakukuwa na nakala nyingine popote. Tuliihamisha yote jioni ile, kisha ndipo akaenda zake.