Kodi ya Nyumba na Nauli ni Hesabu Moja

Mpwa wangu, binti wa dada yangu aliyeko Pemba, alipata uhamisho kuja kufanya kazi ya ukarani katika afisi moja iliyopo Vuga, mjini Unguja. Alifika kwangu na begi moja na barua yake, akaniamkia, kisha akasema: "Mjomba, sitaki kukulemea. Nisaidie tu kutafuta chumba karibu na kazi, nitakachoweza kukilipa kwa mshahara wangu." Nikamjibu, kwa wepesi wa mtu aliyezaliwa mjini, kwamba jambo hilo ni la siku mbili. Lilituchukua majuma saba. Nayaandika haya si kwa ajili ya mpwa wangu peke yake. Katika majuma hayo tulikutana na walimu, wauguzi na wauza maduka wakipanda ngazi zile zile tulizozipanda sisi, na wakiambiwa maneno yale yale.

Maneno hayo ndugu msomaji anayajua. Dalali hutaka kodi ya mwezi mmoja iwe ujira wake. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita mbele, na wengine hutaka ya mwaka mzima, kana kwamba karani hupokea mshahara wake mara moja kwa mwaka. Penye nyumba ya kodi nafuu, aliyemo ndani hutaka kilemba kabla ya kukuachia ufunguo, na kilemba hicho hakina risiti wala shahidi. Ukishayamaliza yote hayo, ndipo unapokwenda kwa sheha kujitambulisha.

Tulianza na Mji Mkongwe, kwa kuwa kutoka huko mtu huenda Vuga kwa miguu. Katika uchochoro mmoja, ambao mimi nilikuwa nikiupita kila siku nikienda chuoni kusoma Kurani, tulioneshwa chumba kizuri chenye dirisha la kupitisha upepo. Mwenye nyumba alitutazama kwa huruma. Akasema kwamba chumba hicho sasa hukodishwa kwa usiku, si kwa mwezi. Sikuwa na la kumwambia. Utalii ni riziki ya Visiwa hivi, na mtu mwenye nyumba ya mawe inayobomoka, ambaye hana fedha ya chokaa wala ya boriti, hawezi kulaumiwa kwa kumpokea mgeni anayelipa kwa siku tatu anacholipa karani kwa mwezi. Lakini tulipotoka nje nilizihesabu nyumba za uchochoro ule ambazo nilizijua kwa majina ya watu waliokuwa wakiishi ndani yake. Sasa nyingi zina vibao vya hoteli mlangoni, na watoto wa waliokuwamo wanaishi njia ya Fuoni au Bububu.

Baada ya hapo tulipelekwa mbali, katika mtaa mpya ulio nje kabisa ya mji. Huko tuliambiwa kodi ni shilingi 80,000 kwa mwezi, na chumba kilikuwa kikubwa chenye choo chake. Michenzani, chumba kimoja ndani ya fleti, pamoja na ruhusa ya kutumia jiko, kiliulizwa shilingi 150,000. Mpwa wangu alifurahi: akienda mbali ataweka akiba ya shilingi 70,000 kila mwezi, na ataweza kumtumia mama yake. Nilimwambia asifunge hesabu mapema. Tuseme nauli ya gari moja ni shilingi 600. Kutoka mtaa ule mtu hupanda gari mbili mpaka afike mjini, na mbili kurudi, yaani shilingi 2,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi na za shughuli nyengine za mjini, jumla ni shilingi 62,400. Katika ile akiba ya 70,000 zimebaki 7,600.

Hapo hatujahesabu saa. Afisi hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Anayekaa Michenzani huweza kusali Alfajiri, akanywa chai yake kwa utulivu, akaenda kwa miguu. Anayekaa mwisho wa njia hutoka kabla hakujapambazuka vyema, akasimama pembeni mwa barabara kusubiri gari ambalo haliondoki mpaka lijae. Jioni, baada ya Magharibi, gari hupungua, na msichana wa peke yake hana budi kuchagua baina ya kungoja gizani na kulipa bodaboda, ambayo nauli yake humaliza hata zile 7,600 zilizobaki. Nyumba hiyo haiwi rahisi tena. Sehemu ya kodi yake hulipwa kwa utingo.

Hesabu hii ndogo ya karani mmoja izidishwe kwa maelfu. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, na ile ya mwaka 2022 iliwakuta 893,169. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi mkoa mmoja uliongezeka kwa watu karibu laki tatu. Watu hao wamejenga walikoweza, na walikoweza ni kule ambako zamani kulikuwa na mashamba ya minazi na mihogo, nyumba moja moja, njia zikifuata baada ya nyumba. Mji ukitandawaa hivyo, gari la abiria haliwezi kumfikia kila mtu kwa faida; hupita barabara kuu tu, na mwananchi huifuata huko huko kwa miguu, penye mchanga au penye maji ya masika.

Mji wetu umewahi kuwa na usafiri wa reli, jambo ambalo vijana wengi husikia kama hadithi. Kuanzia mwaka 1905 treni ilitoka karibu na Ngome Kongwe, ikapita katikati ya vichochoro na kwenda mpaka Bububu, masafa ya maili saba. Iliacha kubeba abiria mwaka 1922, zilipozidi motokari. Leo anayekwenda Bububu hupanda gari la 502, na njia ni ya upande ule ule. Nimeitaja treni hiyo kwa sababu inaonesha kwamba hata zaidi ya miaka mia moja iliyopita mji huu ulikwisha kujua kwamba makaazi na usafiri hupangwa pamoja.

Wazee wa Ng'ambo nao waliijua thamani ya kukaa karibu na kazi. Wachukuzi wa bandarini, mafundi, wapishi na madobi walijenga vibanda vyao ng'ambo ya kidaka cha maji kilichoutenga mji, juu ya ardhi ya matajiri, wakilipa kodi ya kiwanja. Kodi hiyo ilipopandishwa, mwaka 1928 waligoma kuilipa, wake kwa waume, mpaka serikali ya kikoloni ikalazimika kutunga sheria ya kuiwekea mipaka. Wangeliweza kuhamia mashamba, ambako ardhi ilikuwapo. Hawakuhama, kwa kuwa anayevunja mgongo bandarini tangu alfajiri hawezi kwanza kutembea saa mbili.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali iliwajibu watu hawa kwa vitendo. Zilijengwa nyumba za Kikwajuni na Kilimani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kisha likaja lile jambo kubwa la Michenzani, majumba kumi yenye zaidi ya fleti 1,000, yaliyopangwa pande mbili za barabara mbili zinazokutana katika mzunguko wa katikati. Mgeni huyafananisha na mabehewa ya treni. Waliovunjiwa vibanda vyao Ng'ambo walipewa fleti bila ya malipo. Wengi wameandika juu ya makosa ya Michenzani, na makosa yapo: ngazi ni nyingi na lifti hakuna, maji hayapandi mpaka juu, na majirani walivunjwa udugu wao wa barazani. Mama yangu mdogo alikaa huko ghorofa ya tano, na nilipokuwa mtoto kazi yangu ya Ijumaa ilikuwa kumpandishia ndoo. Lakini mama mdogo huyo huyo aliuza vitumbua sokoni Darajani miaka ishirini na zaidi bila ya kulipa nauli hata siku moja. Katika vitabu vinavyoyakosoa majumba yale faida hiyo sijaiona ikihesabiwa.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa jengine. Fleti zilitolewa, lakini haikuwekwa fedha ya kuzitunza. Bomba likipasuka, wa chini humtupia wa juu na wa juu huitupia Serikali. Sheria ya mwaka 2010, inayohusu majengo yenye wamiliki wengi, ilikuja kuweka utaratibu wa wakaazi kuchangia na kuamua pamoja. Sheria hiyo ni nzuri. Kazi iliyobaki ni ya kuwakalisha watu ngazi kwa ngazi na kuwafahamisha, na hiyo ndiyo kazi ambayo sisi makada twajidai kuiweza. Tuna tabia ya kuhesabu majengo yaliyofunguliwa na kusahau kuhesabu walioingia ndani yake.

Kuna hazina nyengine ambayo aghlabu haizungumzwi, nayo ni wakfu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu na waliotangulia, baadhi yake kwa makusudio ya wazi kwamba maskini na jamaa wasio na uwezo wapate pa kukaa. Kodi zake kwa muda mrefu zilikuwa ndogo mno, hata hazitoshi kununua chokaa, na nyumba zikaharibika. Dawa iliyopendekezwa na wengine ni kuzikodisha kwa bei ya soko. Naona lipo la kufikiriwa hapo. Tulifundishwa chuoni kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu haligeuzwi kwa matamanio ya msimamizi. Ikiwa nyumba iliwekwa kwa ajili ya mnyonge, basi sehemu ya chini huweza kuwa duka la kodi kamili, na kodi hiyo ikatengeneza paa la juu ambako anakaa mwalimu au muuguzi kwa kodi ya wastani. Lisilofaa ni mpangaji wa kodi ndogo kuipangisha tena nyumba hiyo kwa mgeni na kutia tafauti mfukoni, jambo ambalo kila mkaazi wa mjini ameliona.

Waheshimiwa wenye dhamana ya ardhi na makaazi wana nguvu ambayo serikali nyingi duniani hazina. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma. Mji huu umechorewa ramani mwaka 1923, mwaka 1958, mwaka 1968 na mwaka 1982, na Shirika la Nyumba lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2014. Ng'ambo inajengwa upya hivi sasa kwa maghorofa na maduka, na hilo ni jambo la kujivunia. Ombi langu ni kwamba kila mchoro wa jengo jipya la katikati ya mji uletwe ukiwa na idadi ya fleti ambazo karani wa daraja la chini ataweza kuzilipia, si maduka na maegesho peke yake. Na kila mtaa mpya wa nje usigawiwe viwanja kabla ya kuchorwa njia ya gari za abiria, kituo chake, na mahali pa kujikinga jua na mvua. Kodi ya mwaka mzima mbele nayo inahitaji kuwekewa kikomo. Walioshinda kodi ya kiwanja mwaka 1928 walikuwa wapangaji kama hawa, na sheria waliipata kutoka kwa utawala usiokuwa wao.

Mpwa wangu amepata chumba Michenzani, ghorofa ya nne, pamoja na mwalimu wa skuli kutoka Makunduchi, na kodi wanagawana. Maji hufika usiku wa manane, kwa hiyo hupokezana zamu ya kuamka na kujaza madumu. Asubuhi huenda kazini kwa miguu. Kodi ya miezi sita nilimkopesha mimi, na atanilipa polepole.